Upole Si Ujuzi

Mwaka juzi nilikuwa kwenye ukumbi wa hoteli moja Nairobi, kiti cha nyuma kabisa, karibu na meza ya chai na maandazi. Ilikuwa semina ya siku mbili ya kuwafunza washauri nasaha namna ya kuwahudumia wateja wa jamii ya LGBT. Mimi si mshauri nasaha. Nilikuwa nimelipwa kutafsiri kitini cha mafunzo kwa Kiswahili, na waandaaji wakaniambia nije nione kinavyotumika. Siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, mama mmoja akasimama, akashika maikrofoni, akasema: "Mimi kwa kweli sioni haja ya haya yote. Wateja wangu wote nawachukulia sawa. Akiingia kwangu ni mtu, basi."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Hata mwezeshaji alipiga.

Mimi sikupiga, na si kwa sababu ni mjuaji. Ni kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuyatamka mwenyewe, nikimpa binamu yangu namba ya simu. "Nenda kwa yule mama," nilimwambia. "Ni mpole. Anamchukulia kila mtu sawa." Nataka kueleza upole ule ulitufikisha wapi, na kwa nini naamini tunawaandaa vibaya watu tunaowakabidhi akili zetu. Najua wengine mtauliza wapenda vitabu wanahusikaje na ushauri nasaha. Vumilieni kidogo. Tutafika vitabuni, na hata kabla hatujafika mtaona kuwa ugomvi wangu ni wa maneno tangu mwanzo.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa na miaka 22. Ameniruhusu niandike, nami nimebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane. Alikuwa chuoni Mombasa na shida yake ilikuwa moja: halali. Saa nane za usiku yuko macho, saa kumi yuko macho, adhana ya alfajiri inamkuta amekaa kitandani ameegemea ukuta. Alianza kusinzia darasani, kisha akaanza kusahau vitu, kisha usiku mmoja akanipigia simu: "Kaka, nahisi naingia wazimu." Ndipo nikampa ile namba.

Alienda mara tatu. Mara mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Yule mama alimuuliza anakunywa chai saa ngapi, analala chumba kimoja na nani, anawaza nini taa ikizimwa. Mara ya tatu binamu yangu alilijibu hilo swali la mwisho kwa ukweli wote. Alisema anamuwaza mwenzake, kwamba wanapendana, kwamba mwenzake huyo ni msichana, na kwamba anaogopa siku nyumbani watakapojua.

Yule mama hakufoka. Hili nataka lieleweke vizuri, maana ndilo linaloniumiza. Hakumtukana wala kumfukuza. Alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua." Akamwombea. Na binamu yangu alipotoka tu, akampigia simu shangazi yangu, kwa namba aliyoitoa kwenye fomu, pale pa kuandika jamaa wa karibu. Aliamini anamwokoa mtoto wa mwenzake.

Kilichofuata nitakipita haraka kwa sababu si changu kukisimulia. Simu ilichukuliwa. Chuo kilisimama muhula mzima. Alipelekwa bara kwa jamaa, kwenye maombi na mfungo wa wiki tatu. Shangazi alinipigia akaniuliza, "Wewe mwanangu, ulijua?" nami nikanyamaza, na ule unyamavu naubeba mpaka leo. Sasa binamu yangu anaishi mji mwingine, anafanya kazi yake, na hataki kusikia habari ya mshauri yeyote. Aliniambia jambo moja: "Kaka, mimi nilienda kwa sababu silali. Tangu siku ile hakuna mtu aliyeniuliza tena kuhusu usingizi."

Mshauri aliyefunzwa angeuliza kuhusu usingizi. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Tuanze na hilo neno maradhi. Yule mama hakulibuni, alilirithi, na alilirithi kutoka kwa taaluma yake mwenyewe. Mwaka 1952, Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilipotoa orodha yake ya kwanza ya magonjwa ya akili, mapenzi ya jinsia moja yaliwekwa humo. Mwaka 1957, mwanasaikolojia Evelyn Hooker akachapisha utafiti uliotikisa msingi huo. Aliwapa mabingwa matokeo ya vipimo vya kisaikolojia vya wanaume 30 wanaopenda wanaume na wanaume 30 wanaopenda wanawake, bila kuwaambia nani ni nani. Mabingwa wakashindwa kuwatenganisha. Mwaka 1972, mjini Dallas, daktari John Fryer alipanda jukwaani kwenye mkutano wa chama hicho amevaa kinyago na wigi, sauti yake ikipotoshwa na maikrofoni, ili awaambie wenzake kwamba yeye ni daktari wa akili na anapenda wanaume. Hebu tafakari. Daktari wa akili, mbele ya madaktari wa akili, alilazimika kujifunika uso ili aseme ukweli wa nafsi yake. Mwaka uliofuata chama kikaamua kuyaondoa mapenzi hayo kwenye orodha. Shirika la Afya Duniani likafanya vivyo hivyo mwaka 1990, na mwaka 2019 likapitisha orodha mpya ambayo haiwahesabu tena watu waliobadili jinsia kuwa wagonjwa wa akili.

Kwa hiyo mtu akiniambia mafunzo haya ni "kuingiza mambo ya Wazungu kwenye fani yetu", namjibu kwamba Wazungu waliingia zamani, na walichokileta ni ile orodha ya maradhi. Na walileta sheria pia. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, chenye kifungo cha hadi miaka 14, ni mali tuliyoachiwa na Waingereza, na asili yake ni sheria waliyoitunga kwa ajili ya India mwaka 1860. Tumeitunza kuliko tulivyotunza reli.

Wala tusidhani udaktari wa kutesa ulifanyika kwao tu. Katika jeshi la Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, miaka ya 1970 na 1980, vijana waliodhaniwa kupenda wa jinsia yao walipelekwa wodi ya akili na kupigwa umeme ili "wapone". Waliofanya hivyo walikuwa na digrii ukutani. Taaluma ya nchi hiyohiyo ndiyo iliyogeuka baadaye: mwaka 2017 Chama cha Saikolojia cha Afrika Kusini kilitoa mwongozo wa namna wanasaikolojia wanavyopaswa kuwahudumia watu hawa. Umeandikwa na Waafrika, barani Afrika. Hakuna kinachotuzuia sisi isipokuwa uvivu na woga.

Tena woga wenyewe nauelewa. Kwenye ile semina, kijana mmoja mshauri aliuliza kwa sauti ya chini: "Sasa nikimsikiliza mtu kama huyo na sheria iko pale, si mimi pia nimeivunja?" Lilikuwa swali bora kuliko yote ya siku mbili. Mwezeshaji akasema, "Asante, tutalirudia," akabonyeza picha inayofuata. Hakulirudia.

Basi nilijibu mimi, japokuwa si wakili. Hakuna kifungu Kenya kinachosema kumsikiliza mtu ni kosa, wala kinachomtaka mshauri amripoti mteja kwa sababu ya anayempenda. Uganda walijaribu: sheria yao ya 2023 iliweka wajibu wa kuripoti, na tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama yao ya Katiba, ingawa iliacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, ikakifuta kifungu hicho. Kwetu mambo yako kinyume. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaitaja afya ya mtu, na inautaja pia mwelekeo wake wa kimapenzi, miongoni mwa taarifa nyeti zinazostahili ulinzi wa pekee. Kwa maneno mengine, siku ile kati ya binamu yangu na yule mama, aliyekuwa karibu zaidi na kuvunja sheria ni yule aliyeshika simu. Mshauri asiyejua hilo hajafunzwa, hata awe na vyeti vya kufunika ukuta. Na semina isiyoweza kumjibu yule kijana haijamfunza mtu.

Sasa nije kwenye kazi yangu, maneno.

Kile kitini kiliandikwa kwa Kiingereza, na kilikuwa na ukurasa mzima wa viwakilishi. Kinamwelekeza mshauri amuulize kila mteja angependa atajwe kwa kiwakilishi cha kike au cha kiume. Nikakaa na ukurasa ule asubuhi nzima. Tafsiri sahihi ilikuwa hivi: "Muulize mteja kama angependa uwe unamwita yeye, au yeye." Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Kiswahili kimelimaliza tatizo hilo kabla ya sisi kuzaliwa. Amekuja, ameketi, amelia: hujui ni mke au mume mpaka uambiwe. Mwenzako, mpenzi wako, mwandani wako: maneno matatu mazuri yasiyomuuliza mtu jinsia ya anayempenda. Mshauri wa Kiswahili ana mlango ulio wazi ambao mwenzake wa Kiingereza anafundishwa kuutafuta. Halafu anaingia ofisini anauliza, "Una mume?"

Lakini msisherehekee mapema. Jinsia kwetu haikai kwenye kiwakilishi, inakaa kwenye salamu. Dada, kaka, bwana, bibie, mama, mzee, shangazi: hatuwezi kumwita mtu hata aje dirishani bila kumpa jinsia na umri. Mtu aliyebadili jinsia haumizwi na "yeye". Anaumizwa mapokezini, pale karani anapotazama kitambulisho, akatazama uso, akaita kwa sauti ya soko, "Kaka, njoo huku," na benchi zima likageuka. Kwenye kitini hapakuwa na sentensi hata moja kuhusu jambo hilo, kwa sababu mwandishi wake hakuwahi kukaa kwenye benchi letu. Ushauri wangu ungekuwa mstari mmoja: muulize mtu faraghani, "Nikuiteje?" na uwafundishe makarani kabla ya kuwafundisha madaktari, kwa kuwa ndio wanaokutana na mteja kwanza.

Neno jingine lililonikwamisha ni jinsia lenyewe. Kiingereza cha kitini kilikuwa na maneno matatu: la mwili uliozaliwa nao, la vile unavyojijua, na la nani unampenda. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na jinsia, jinsia na kijinsia. Mtu angesoma ukurasa mzima na asijue tunazungumzia mwili, nafsi au mapenzi. Nikaishia kuandika kwa sentensi badala ya maneno: jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa, jinsia anayojijua kuwa nayo, watu anaowapenda. Ni maneno mengi, ndiyo, lakini mshauri akiyasoma hachanganyikiwi. Na kuchanganya mambo haya matatu si kosa dogo. Mwanamume anayependa wanaume akaambiwa "kumbe unataka kuwa mwanamke" amekosewa mara mbili, na mara nyingi hatarudi.

Majina ya kawaida ya mtaani nayo sitayaorodhesha, mnayajua. Nitasema tu habari ya shoga, kwa kuwa ni msiba wa lugha. Shangazi yangu mpaka leo anamwita rafiki yake wa utotoni "shoga yangu", na hakuna neno tamu kuliko hilo kinywani mwake. Nje ya mlango wake neno hilohilo linarushwa kama jiwe. Mshauri anayelitumia bila kufikiri hajui amelishika upande upi.

Halafu kulikuwa na ile sura iliyosema lengo la mteja ni "kutoka kabatini". Nani alimweka kabatini? Kabati la nguo au la vyombo? Nikafuta nikaandika "kujitangaza", nikaona ni kama mgombea ubunge. Nikafuta tena. Mwisho nikawaandikia waandaaji kwamba tatizo si tafsiri, ni wazo lenyewe. Kitini kilichukulia kuwa mtu mwenye afya ya akili ni yule anayejulikana na wote. Kwa msichana wa miaka 22 anayelipiwa karo na kulishwa na wazazi wasiotaka kusikia, kujulikana na wote kunaweza kumaanisha kulala nje. Mshauri anayemsukuma ajitangaze ili "awe huru" anafanya kosa lilelile la yule mama aliyepiga simu, ila yeye amelivalisha suti.

Sisi watu wa pwani tuna neno ambalo kitini hakikulijua: stara. Najua neno hilo lina makali yake pia. Wengi wamenyongwa kimya kimya kwa jina la stara, wakaolewa na kuoza humo. Lakini kuficha ni kitu kimoja na kusitiri ni kingine. Unaficha aibu. Unamsitiri mtu, kama unavyomfunika mgeni aliyenyeshewa, mpaka mwenyewe aseme sasa naweza kutoka. Hiyo ndiyo kazi ya mshauri. Siri ni ya mteja. Nani aambiwe, lini, au asiambiwe kamwe, ni uamuzi wake, na mshauri anamsaidia kupima: nani nyumbani ni salama, karo inatoka wapi, mlango ukifungwa atalala kwa nani. Hayo yanafundishika. Upole wenyewe haufundishi hata moja kati ya hayo.

Narudi kwa mama wa ukumbini na "wote sawa" yake. Fundi cherehani anayewachukulia wateja wote sawa atawashonea wote kipimo kimoja. Katika ushauri wetu, njia inayopendwa ni kuita familia. Kijana anakunywa pombe, ita wazazi. Ndoa inayumba, ita wazee. Mara nyingi inasaidia, kwa kuwa kwa wengi familia ndiyo dawa. Kwa binamu yangu familia ndiyo iliyokuwa inamnyima usingizi. Yule mama alimpa matibabu yaleyale anayowapa wote, kwa mkono uleule mwema, na ndiyo yaliyomuumiza.

Mwanasaikolojia Ilan Meyer aliandika mwaka 2003 kuhusu jambo hili kwa kirefu, na kwa ufupi ni hivi: walio wachache wanaodharauliwa hubeba mzigo wa ziada juu ya shida za kila mtu. Kuna kubaguliwa kwenyewe, kuna kungojea kubaguliwa, kuna kujificha kila saa, na kuna ile dharau ya nje inayoingia ndani mpaka mtu anajidharau mwenyewe. Mzigo huo ndio unaoleta huzuni na kukosa usingizi. Si mapenzi yake yanayomuuguza. Mshauri asiyejua hivyo atatafuta ugonjwa ndani ya mtu, na atauacha mzigo mgongoni.

Nikaahidi vitabu.

Sisi tuliosoma Kezilahabi tumekwisha kuona mambo haya. Katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, baba anampiga binti yake kwa sababu ya barua kutoka kwa mvulana. Kila nikiwaza simu ya binamu yangu ilivyochukuliwa naiona ile barua. Rosa anakufa kwa mkono wake, na Kazimoto wa Kichwamaji, 1974, vivyo hivyo. Riwaya zote mbili zimejaa watu wanaosema: wazazi, walimu, wapenzi, majirani. Anayesikiliza ndiye adimu. Tumezifanyia mitihani na maswali ya dhamira na wahusika, tukaandika "malezi mabaya" tukapata alama. Hatukujiuliza nani angekaa na Rosa jioni moja kabla, na angehitaji kujua nini.

Monica Arac de Nyeko wa Uganda alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa hadithi "Jambula Tree", ambayo baadaye ilizaa filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2018. Katika hadithi hiyo wasichana wawili wanaopendana wanafumaniwa na jirani mwenye mdomo, Mama Atim, na mtaa mzima unajua. Nikiisoma sasa namwona mshauri wetu. Mshauri asiyefunzwa ni Mama Atim mwenye cheti ukutani.

Na kuna Binyavanga Wainaina. Januari 2014 aliandika insha akiiita sura iliyopotea ya kumbukumbu zake. Ndani yake anafika kando ya kitanda cha mamake mgonjwa na kumwambia kwamba anapenda wanaume. Mazungumzo hayo hayakuwahi kutokea. Mamake alifariki mwaka 2000, naye akayaandika baada ya miaka mingi, akiwa mtu mzima, kwa sababu yalikuwa bado yanamkaa kooni. Binyavanga alifariki tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kukifuta kifungu cha 162.

Chumba cha mshauri kingepaswa kuwa mahali pa kuyafanyia mazoezi mazungumzo ya namna ile. Mtu anakaa, anasema kwa sauti, "Mama, nataka kukwambia jambo," anasikia yanavyotoka, anaamua kama atayasema kweli mwaka huu, au baada ya miaka kumi, au asiyaseme. Binamu yangu alinyang'anywa mazungumzo yake. Alifanyiwa na mtu mwingine, kwa simu, akiwa njiani kurudi hosteli. Hilo huwezi kumrudishia.

Ninachodai hakihitaji fedha za wafadhili. Kwanza, tuache kuita semina ya siku mbili mafunzo. Mnakula, mnapiga picha, mnapewa nauli na cheti, na Jumatatu kila mtu anarudi na methali zake. Mambo haya yawe ndani ya mtaala wa kila diploma na digrii ya ushauri nasaha, na yatahiniwe, kama wanavyotahiniwa kuhusu msiba na ulevi. Tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na bodi imo humo. Anayetoa siri ya mteja, au anayeahidi "kumponya", aitwe ajieleze mbele ya wenzake.

Pili, waliopitia ndio wafundishe, na walipwe kama wahadhiri wengine, sio kuitwa kutoa ushuhuda wa dakika kumi wakilia halafu wapewe soda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tatu, vifaa viandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na watu wanaojua benchi la mapokezi, stara na shangazi. Wasikabidhiwe watafsiri kama mimi wiki moja kabla ya semina.

Kuna watakaosema imani yangu hainiruhusu. Sikuombi ubadili imani, na sidhani mtaala una haki hiyo. Lakini mlango wa sheikh ni wa sheikh, wa padri ni wa padri, na wa kliniki ni wa kliniki. Binamu yangu aliujua msikiti ulipo na makanisa aliyaona kila siku akienda chuoni. Alichagua mlango wa tatu kwa sababu alitaka usaidizi wa aina ya tatu. Kama huwezi kumpa, mpeleke kwa mwenzako anayeweza, na usiiguse simu.

Baada ya ile semina nilimfuata yule mama wa "wote sawa" kwenye foleni ya chakula. Nilimuuliza, kwa adabu, fomu yake ya wateja ina sehemu ya jamaa wa karibu? Akasema ndiyo, lazima. Nikamuuliza, huwa anamwambia mteja namba hiyo itatumika lini na kwa jambo gani? Akanitazama akiwa ameshika sahani. "Hapana," alisema. "Sijawahi kufikiria." Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba kalamu.

Sijui aliandika nini. Namshukuru kwamba aliandika. Lakini tulikuwa washiriki zaidi ya arobaini mle ukumbini, na swali hilo la fomu halikuwa kwenye kitini nilichokitafsiri, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nimekipitia tena usiku huu kuhakikisha. Habari ya usingizi nayo haimo.